Chai ya Asubuhi kwa Mtu Asiyeweza Kula Ngano

 Ninyi mlioko madarasani pamoja na walimu wenu, na ninyi mnaosikiliza nyumbani au kazini, karibuni katika somo letu la leo. Tayarisheni daftari na kalamu, kwa kuwa mwisho wa somo tutaandika. Leo hatutaandika barua wala hesabu ya duka. Tutaandika maneno machache yanayoweza kumkinga mtu na ugonjwa.

Somo letu lahusu chai ya asubuhi, hasa chai inywewayo nje ya nyumba. Katika mitaa ya Ilala, watu wengi hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Mchukuzi wa mizigo wa Kariakoo, muuza mboga wa soko la Ilala, fundi wa Gerezani, kondakta wa basi, wote hao hunywa chai barabarani. Huketi kwenye benchi la mama ntilie, wakapewa kikombe cha chai, chapati mbili, au maandazi, au supu. Kwa wengi wetu hilo ni jambo jema. Lakini wako watu ambao chapati ile ni sumu kwao, na wengine wao hawajui.

Tuanze kwa mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo ni ya kweli. Yuko mshona nguo mmoja mwenye cherehani yake karibu na Mtaa wa Uhuru. Hatutamtaja jina, tutamwita Mshonaji. Kila asubuhi Mshonaji alikula chapati mbili na supu. Na karibu kila siku tumbo lilimjaa na kuunguruma, akaharisha, akachoka kabla ya adhuhuri. Mwili ulipungua, suruali ikawa kubwa. Akanywa dawa ya minyoo, hakupona. Akanywa dawa ya amiba, akapata nafuu ya siku chache, kisha hali ikarudi. Majirani wakaanza kunong'ona. Wako waliosema amerogwa, na wako waliosema ana ugonjwa mbaya anaouficha. Wateja wakapungua, kwa sababu nguo hazikwisha kwa siku alizoahidi.

Mwishowe daktari mmoja akamwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza kabla: "Kila siku wala nini?" Akachukua damu yake kupima, kisha akapimwa na utumbo. Ikaonekana kwamba ana ugonjwa uitwao seliaki.

Seliaki ni nini? Sikilizeni vizuri. Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uliokandwa uvutike kama mpira, ndiyo maana waweza kusukuma chapati nyembamba isikatike. Unga wa mahindi hauna gluteni, ndiyo maana hauvutiki hivyo. Gluteni imo pia katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Mtu mwenye seliaki akila gluteni, askari wa mwili wake hukosea. Badala ya kupigana na vijidudu, huupiga utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba mna vijinyoya vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vijinyoya hivyo hulala na kuisha, kama majani yaliyokanyagwa. Basi mtu hula akashiba, lakini chakula hakimfai. Hukosa damu, hukosa nguvu, mifupa hudhoofika, na mtoto hukoma kukua.

Ugonjwa huu hauambukizi. Huweza kula naye sahani moja na usiupate. Lakini huenda katika ukoo: mzazi akiwa nao, yafaa watoto wake na ndugu zake wa damu nao wapimwe. Duniani, katika watu mia moja, mmoja hivi anao. Wako wanaosema kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Wasahrawi, watu wa Afrika ya kaskazini magharibi, ukakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao.

Dawa yake ni nini? Hakuna kidonge cha kuuponya. Dawa ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Hapo vijinyoya huota tena, na mtu hupata afya yake.

Nataka niwaeleze jinsi jambo hili lilivyojulikana, kwa sababu lina mafunzo. Mwaka 1924, daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, aliwalisha watoto wenye ugonjwa huu ndizi nyingi, akawakataza mkate. Watoto wakapona. Watu wakasema, "Ndizi ni dawa." Lakini ndizi haikuwa dawa. Kilichowaponya ni kule kuacha mkate. Baadaye, katika nchi ya Uholanzi, daktari wa watoto aitwaye Willem Dicke alianza kuishuku ngano. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilipata njaa kubwa na mkate ukaadimika. Watu wengi walidhoofika, lakini watoto wenye seliaki hali zao hazikuzidi kuharibika kama ilivyotazamiwa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliandika utafiti wake, na yeye na wenzake wakathibitisha kwamba kosa ni la ngano. Fundisho ni hili: si kila kinachofuatwa na nafuu ndicho dawa. Tazama pia kile ulichokiacha.

Sasa sikilizeni onyo moja kabla hatujaendelea. Kuumwa tumbo si lazima iwe seliaki. Huenda ikawa minyoo, amiba, au ugonjwa mwingine. Usijipime mwenyewe. Tena, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, utumbo huanza kupona na dalili katika damu hupungua, kisha kipimo husema huna ugonjwa ilhali unao. Mwambie daktari kwanza, upimwe, ndipo uache.

Haya, sasa twende barabarani. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mshonaji ana njaa. Atakula nini?

Vyakula vya asubuhi tutavigawa katika mafungu matatu. Mwalimu darasani na aviandike ubaoni.

Fungu la kwanza ni vyakula vya ngano. Hivi Mshonaji asivile hata kidogo: chapati, maandazi, mkate wa boflo, keki, kaimati, visheti, tambi, na sambusa. Kumbukeni kwamba nyama ya sambusa yaweza kuwa salama, lakini ganda lake ni ngano. Kulibandua ganda na kula nyama hakusaidii, kwa kuwa unga umekwisha shikamana nayo.

Fungu la pili ni vyakula vya kuuliza. Hapa ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu jina la chakula halisemi yote. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele. Lakini wako wapishi wanaotia unga wa ngano kidogo ili vishikane. Bagia ni za kunde au dengu, lakini wengine huchanganya ngano. Kachori ni viazi, lakini huenda imevikwa uji wa ngano. Katlesi huenda ina chenga za mkate. Supu ya mbuzi au ya kongoro ni maji, nyama, chumvi na ndimu, lakini yaweza kutiwa unga iwe nzito, au viungo vya pakiti vyenye ngano ndani yake. Na uji uitwao uji wa lishe ni mchanganyiko wa nafaka nyingi. Mara nyingi ngano imo. Jina zuri lisikudanganye.

Fungu la tatu ni vyakula ambavyo kwa asili havina gluteni. Hapa, ndugu zangu, nchi yetu ni tajiri. Mihogo ya kuchemsha au ya kuchoma, viazi vitamu, magimbi, ndizi za kuchemsha, mtori, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, maharage, mbaazi za nazi, samaki wa kuchoma. Uji wa ulezi, wa mtama, wa mahindi au wa mchele, ikiwa unga ni safi. Machungwa, mapapai, ndizi mbivu, karanga. Na yule muuza kahawa anayepita na birika lake la makaa, akigonganisha vikombe, ana kashata za nazi au za karanga. Kashata kwa kawaida ni nazi au karanga na sukari. Chai nayo, ya rangi au ya maziwa, haina neno. Kwa hiyo mtu asiyekula ngano katika Ilala si mtu wa kufa njaa. Wazee wetu waliishi kwa mtama, ulezi, mchele, muhogo na ndizi kabla chapati haijawa chakula cha kila asubuhi.

Je, kazi imekwisha? Bado. Chakula chaweza kuwa kizuri, kikaharibiwa na chombo.

Tazameni jiko la mama ntilie. Ana kikaango kimoja. Anapika chapati, anaiondoa, kisha anavunja mayai katika kikaango kile kile. Mayai hayana ngano, lakini sasa yamepata unga uliobaki. Ana karai moja la mafuta. Asubuhi alikaangia maandazi, sasa anakaangia mihogo. Makombo ya maandazi yamo ndani ya mafuta, na moto hauiui gluteni, maana gluteni si kijidudu. Chipsi nazo ni hivyo hivyo. Ana upawa mmoja, ameutumia kwa uji wa lishe, sasa auingiza katika maharage. Ana meza moja, amesukumia chapati hapo, na unga umetapakaa. Haya yote si uchafu wala si kosa lake. Anapika kama wapikavyo wote. Lakini kwa Mshonaji ni hatari.

Huenda msikilizaji akauliza, "Unga kidogo namna hiyo utamfanya nini?" Swali zuri. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu mbili hivi, yaani miligramu 2,000. Utafiti uliotolewa nchini Italia mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 tu kila siku, kwa miezi mitatu, zaweza kuudhuru utumbo wa mwenye seliaki. Pigeni hesabu: 2,000 gawanya kwa 50. Jibu ni 40. Basi ukikata kipande cha mkate vipande 40, kimoja tu kila siku chatosha kumdhuru. Tena, wengine hawasikii maumivu yoyote, lakini utumbo waumia kimyakimya. Kutokusikia maumivu si ushahidi kwamba chakula kilikuwa salama.

Na unga wa nyumbani je? Mashine ya kusaga ikisaga ngano ya uji wa lishe, kisha ikasaga mtama wako, ngano iliyobaki katika mawe na katika mfuko wa mashine huingia katika unga wako. Dukani nako, kopo la kupimia unga wa ngano likipimia unga wa mchele, mambo ni yale yale. Nunua mchele au ulezi mzima, upembue na kuuosha nyumbani, uutwange kwenye kinu chako mwenyewe. Mwenye blenda ya kusagia na aitenge kwa kazi hiyo tu.

Sasa tusikilize mazungumzo. Mshonaji amefika kwa mama ntilie wake wa siku zote, siku chache baada ya kutoka hospitali.

MSHONAJI: Shikamoo, mama.

MAMA NTILIE: Marahaba, mwanangu. Umepotea! Leo mbili na supu kama kawaida?

MSHONAJI: Hapana, mama. Daktari amenikataza ngano. Hivi vitumbua umetia nini?

MAMA NTILIE: Mchele, nazi, sukari, iliki na hamira.

MSHONAJI: Na unga mwingine?

MAMA NTILIE: Ee, leo mchele ulikuwa mwepesi, nikatia kikombe kimoja cha unga wa ngano ushikane. Ni kidogo tu.

MSHONAJI: Ahsante kwa kuniambia, mama. Kidogo hicho hunidhuru. Nipe mihogo ya kuchemsha na mayai mawili.

MAMA NTILIE: Ngoja nikukaangie upesi.

MSHONAJI: Kikaango hicho ni cha chapati, mama. Nichemshie mayai na maganda yake. Nitangoja.

MAMA NTILIE: Ugonjwa gani huo? Tangu nizaliwe sijausikia. Mimi nilidhani umekikimbia chakula changu.

MSHONAJI: Hata mimi sikuwa nimeusikia. Miaka mitatu nimeumwa tumbo, na kosa si la chakula chako. Kosa ni la mwili wangu na ngano.

MAMA NTILIE: Pole, mwanangu. Basi kesho nitakutengea vitumbua vya mchele mtupu. Nitavipika kwanza, kabla mkono wangu haujagusa unga wa chapati. Lakini uje mapema, maana vikishachanganyika na vingine sitaweza kukuapia.

Hapo mwisho wa mazungumzo. Tuyatazame. Mshonaji alifanya mambo manne mazuri.

La kwanza, alisema "ngano". Hakusema "gluteni", kwa kuwa neno hilo mpishi hajalisikia. Sema neno analolijua mwenzako.

La pili, aliuliza, "Umetia nini?" Hakuuliza, "Hakuna ngano, sivyo?" Ukimwuliza mtu hivyo, adabu itamfanya akujibu, "Hakuna," ili akufurahishe. Lakini ukimwuliza ametia nini, atakutajia kitu kimoja kimoja. Kisha uliza tena, "Na unga mwingine?" Jibu la kweli lilikuja katika swali la pili.

La tatu, alitazama chombo, wala si chakula peke yake.

La nne, alisema kwa heshima, na alieleza kwamba kosa si la mpishi. Kwetu, kukataa chakula ni jambo zito. Watu husema, "Anajidai," au, "Anatudharau." Mshonaji angekaa kimya akapita njia nyingine, mama huyu angeumia moyo, na yeye angepoteza mahali pa kula. Alipoeleza, alipata mpishi wa kumsaidia. Na ninyi mnaouza chakula, mkiulizwa, semeni kweli. Kusema "sijui" ni bora kuliko kusema "hakuna" kwa kubahatisha.

Sasa tufike kwenye kusoma. Wasikilizaji, hapa ndipo elimu yenu inapofanya kazi. Kwenye pakiti ya viungo, ya biskuti, au ya unga wa uji, pana maandishi madogo yanayotaja vitu vilivyotiwa ndani. Tafuteni neno NGANO. Tafuteni neno SHAYIRI. Lakini pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, basi jifunzeni sura ya maneno manne, hata kama hamjui Kiingereza. Mwalimu na ayaandike ubaoni kwa herufi kubwa: WHEAT, maana yake ngano. BARLEY, maana yake shayiri. RYE, maana yake rai. MALT, maana yake kimea, na kimea cha pakiti kwa kawaida ni cha shayiri. Ukiona mojawapo, rudisha pakiti mahali pake. Ukiona maneno ya kuonyesha kwamba chakula hakina gluteni, kipimo kinachofuatwa na mataifa ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula.

Tunanyamaza kidogo ili mnakili maneno hayo.

Haya. Sasa kazi ya kuandika. Mtu mwenye seliaki yafaa awe na kadi ndogo mfukoni. Penye kelele za Kariakoo, ambapo mpishi ana wateja kumi mbele yake, kadi husema polepole na haichoki. Chukueni kalamu. Nitasoma, nanyi andikeni:

"Tafadhali. Mimi ni mgonjwa, siwezi kula ngano wala shayiri hata kidogo. Nisipewe chapati, maandazi, mkate, tambi wala sambusa. Nisipewe kilichokaangwa katika mafuta au kikaango cha vyakula hivyo. Naweza kula mihogo, viazi, ndizi, wali, maharage, nyama na mayai ya kuchemsha. Ahsante kwa kunisaidia."

Hata kama wewe mwenyewe huna ugonjwa huu, iandike kadi hiyo vizuri, kwa mwandiko safi. Huenda katika mtaa wako yuko mtu anayeihitaji na hajui kuandika. Mpe.

Tumalizie na maneno mapya na maswali. Maneno mapya ni haya: seliaki, gluteni, shayiri, utumbo, upawa, karai, kimea. Tungeni sentensi moja kwa kila neno.

Maswali. Moja: kwa nini mtu asiache ngano kabla ya kupimwa? Mbili: taja vyakula vitatu vya asubuhi ambavyo ni lazima kuuliza kabla ya kula. Tatu: kwa nini yai la kuchemsha ni salama kuliko yai la kukaanga kwa mama ntilie? Nne: kwa nini Mshonaji aliuliza, "Umetia nini?" Tano: kesho asubuhi, nenda mahali unapokunywa chai, uliza vitumbua vimetiwa nini, kisha andika majibu uyalete darasani. Uliza kwa adabu, na ununue angalau kikombe kimoja cha chai, usije ukamchosha mwenye jiko bure.